Vichupa Vilivyoanikwa Juani

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe kumi Juni. Ilikuwa likizo, na binti yangu Hedwiga wa darasa la sita alikuwa akigeuza kahawa kwenye chanja nyuma ya nyumba yetu ya Maguu, kama kila asubuhi. Mimi ni mlinzi wa maabara ndogo ya watafiti hapa kijijini. Boksi la vitu vya kupimia damu lilifika jana yake jioni, lakini mkubwa wetu alikuwa ameondoka na ufunguo wa chumba cha friji kwenda semina Songea. Wakubwa ndivyo walivyo. Nikalilaza boksi nyumbani.

Barafu iliyokuwa ndani ikayeyuka. Hedwiga alipoona boksi limelowa, alifanya tunavyofanya sisi watu wa kahawa: akavitoa vichupa vilivyokuwamo, akavianika kwenye chanja hadi saa nane, kisha akavirudisha.

Jumatano akaja Eliza, mpimaji wa maabara, akiwa na ufunguo. Alitueleza kuwa mle vichupani mna protini kama zilizomo mwilini mwa binadamu, ila zimetengenezwa maabara na kubandikwa rangi. Zikikutana na dalili ya ugonjwa kwenye damu, zinang'aa ndani ya mashine. Joto la usiku mmoja zingevumilia. Jua lingeiua ile rangi. Akauliza kama boksi limefunguliwa. Hedwiga akasema hapana. Mimi niliona gundi ya boksi imebanduka, nikanyamaza, nikihofia kibarua changu.

Watu arobaini wa kijiji walikuwa wametoa damu tangu mwanzoni mwa mwaka, ikahifadhiwa kwenye friji. Damu ya kwanza kupimwa ilikuwa ya Beata, mke wangu, aliyefariki mwezi Machi bila ugonjwa wake kujulikana. Eliza alipima, akarudia, akarudia tena. Mashine haikuonyesha kitu.

Ijumaa jioni nilisema mezani kwamba damu ya mama inakaribia kwisha. Hedwiga akaacha ugali, akaenda maabara. Nikamfuata.

"Shikamoo, dada Eliza. Vichupa nilivianika juani. Nilikudanganya."

Eliza akakaa chini. "Ungeniambia Jumatano ningesubiri vingine. Damu ya mama yako nimeimaliza mchana huu."

Hedwiga akalia. Nami nikakiri kuwa niliiona ile gundi.

"Kuanika hukujua, mwanangu, kwa hilo sikulaumu," Eliza akasema. "Kosa ni kunijibu uongo nilipouliza. Na wewe baba, kunyamaza. Ukiharibu kitu, sema siku ileile, wakati bado kuna cha kuokoa."

Baada ya wiki mbili vikaja vichupa vipya. Wale thelathini na tisa wakapata majibu, na jirani yetu Sixbert ameshaanza matibabu. Watu walimshukuru Hedwiga kwa kusema kabla damu yao nayo haijapotea.

Yeye hakufurahi. Jioni moja, tukipukuchua mahindi, aliniuliza jambo ambalo Eliza hajui, na wakubwa wa Songea hawajui.

"Baba, kwa hiyo mama aliumwa nini?"