Hatua Mbili za Udongo

— Papa Tambwe! Shuka huku! Shuka uone kintu ulinifanyia!

Sauti ya Maman Agathe ilipanda mteremko wa mtaa wa Nyawera huku mvua ya mchana ikiwa bado haijakatika. Tambwe, fundi wa nguo, alitoka nje na utepe wa kupimia shingoni. Alitazama chini. Ukuta wake wa mawe, ule ulioshikilia bustani yake juu ya uwanja wa jirani, ulikuwa umelala. Udongo wote ulikuwa umeteremka hadi mlango wa jikoni wa Agathe, pamoja na maharagwe aliyopanda wiki tatu tu zilizopita.

— Maman Agathe, umeumia?

— Siko na kidonda. Lakini mu cuisine nitaingia namna gani? Nipitie dirisha kama mwizi?

— Pole sana. Kesho nitauondoa wote, ndoo kwa ndoo.

— Ukuta gani unaanguka na mvua ya kwanza ya mwezi wa kumi? Uliijenga na nini?

Tambwe alivua utepe shingoni. Alishuka, akaanza kusukuma tope kwa jembe ili mlango ufunguke.

Huo ulikuwa mwaka wa elfu moja mia tisa sabini na tano. Tambwe alikuwa mjane wa miaka hamsini na mitatu, Mwislamu wa Uvira, anaishi na binti yake Asumini aliyeshona pamoja naye. Agathe Cibalonza alikuwa mkunga. Jina la Agathe serikali ilikwisha kulikataza kwenye karatasi, kama majina yote ya Kizungu, lakini mtaani hakuna aliyeacha kulitumia. Mume wake, mwalimu Honoré, alikufa miaka miwili nyuma. Binti yao Noëlla aliolewa Goma. Tangu msiba ule Agathe alikwenda kazini, akarudi, akafunga pazia. Uwanja wake haukuwa na kitu ila vumbi wakati wa jua na tope wakati wa mvua.

Siku ya nne, Tambwe alipokuja na ndoo zake kumaliza kazi, alimkuta Agathe amechuchumaa.

— Acha kwanza.

— Niache nini?

— Angalia hii haragwe. Ilianguka kichwa chini. Leo asubui imejigeuza yenyewe.

Tambwe aliinama. Kweli, mche ulikuwa umejikunja kama shingo ya bata na majani mawili yalikuwa yanatazama juu. Pembeni yake kulikuwa na mwingine, na mwingine.

— Basi nisiuchukue?

— Iache yote. Utakuja kuvuna haragwe zako.

— Udongo uko kwako, Maman. Mavuno ni yako.

— Na mbegu iko ya nani?

— Yangu.

— Basi tutagawana. Lakini mimi sijuwe kulima. Mikono yangu inajua batoto tu.

— Nitakuonyesha.

Ndivyo walivyoanza. Alimwonyesha kumwaga majivu shinani ili wadudu wasipande, kuinua matuta kuukata mteremko ili maji yatembee polepole, kupanda mchicha wa lengalenga mahali penye kivuli. Agathe alirudi kutoka maternité alikozalisha, miguu imevimba, akakaa kwenye kizingiti cha jikoni na chai yake, akaangalia. Maua ya maharagwe yalikuja meupe, mengine ya zambarau. Miaka ishirini na miwili alikuwa amepokea watoto wa wenzake na kusikia watu wakimshukuru Mungu mbele yake. Yeye mwenyewe, tangu Honoré aondoke, neno la shukrani lilikuwa limemkauka mdomoni. Asubuhi moja ukungu ulipanda kutoka ziwani, kisha jua likautoboa, na kila jani likawa na tone lake. Akajisikia anasema kwa sauti:

— Aksanti.

Aliona haya, akageuka kuangalia kama kuna aliyemsikia. Tambwe alikuwa juu, anamwagilia nyanya zilizobaki kwake.

— Unaongea na nani, Maman Agathe?

— Na wewe unaongeaka na nani kila siku uko unamwangia?

— Na nyanya. Marehemu mke wangu Kulthumu ndiye aliyenizoeza. Alikuwa akisema mmea usiosalimiwa unakasirika.

Agathe akacheka. Tambwe alisimama na kopo lake mkononi, maji yakimwagika miguuni pake, kwa sababu miaka miwili hakuwahi kusikia kicheko kikitoka nyumba ile.

Walivuna kabla ya Noeli. Mwezi wa pili walipanda tena, safari hii pamoja, na Agathe akaongeza karoti na maua ya dalia. Ukuta waliuacha, Tambwe alisema ataujenga kiangazi, udongo ukikauka. Mwezi wa tano, maganda ya msimu wa pili yakianza kukauka, wakiwa wameketi kuyapepeta ya kwanza kwenye ungo, Tambwe alisema bila kuinua macho:

— Agathe, mimi si kijana. Sina maneno mazuri. Nataka tuoane.

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita jina bila Maman.

— Iko dini, Papa Tambwe.

— Najua. Wewe utabaki na yako.

— Uniache nifikiri. Tukimaliza kuvuna nitakujibu.

Jibu alikuwa nalo tayari. Alitaka tu kulisema vizuri. Jumamosi iliyofuata, Tambwe akiwa kwenye cherehani yake, Agathe alichukua jembe akapanda kwenye mteremko, pale udongo ulipokatika, achimbe mahali pa kuhamishia dalia. Alitaka Tambwe azikute zimesimama pale siku ya jibu.

Jembe likagonga kitu kigumu. Alifuta udongo kwa kiganja. Ilikuwa borne ya saruji, alama ya mpaka iliyowekwa na watu wa cadastre, wapima ardhi wa serikali, na namba yake bado ilisomeka. Aliijua. Honoré alikuwa akiweka mguu juu yake kila asubuhi kufunga kamba za viatu. Agathe alisimama, akageuka chini. Mawe ya safu ya chini ya ukuta ulioanguka yalikuwa bado yamejipanga mstari, ndani ya uwanja wake. Akatembea kutoka alama hadi pale. Hatua mbili. Akarudi, akahesabu tena. Mbili.

Alimngojea Tambwe hapo hapo, jembe mkononi.

— Papa Tambwe, hii ni nini?

Tambwe aliona saruji, akakaa chini kwenye udongo na suruali yake ya kazi.

— Ni mpaka.

— Na ukuta yako ilikuwa wapi?

— Ndani kwako.

— Nani alisogeza?

— Mimi.

— Wakati gani?

Tambwe alichukua bonge la udongo, akalivunja.

— Mwezi ule baada ya kumzika mwalimu. Niliona hakuna anayetoka nje. Nikajiambia ardhi hii inalala bure. Nilijenga haraka haraka, bila msingi. Ndiyo maana ulianguka.

— Ulijua siangalie.

— Nilijua.

— Siku nilikuwa nalia mu chumba, wewe ulikuwa unasogeza majiwe. Kisha unanifundisha kupanda, mu udongo yangu mwenyewe!

— Kila siku nilitaka kukuambia.

— Lakini ulianza na kuniomba ndoa. Toka. Usikanyage tena hapa.

Kiangazi kikaingia. Ziwa likafichwa na vumbi, vilima vya ng'ambo vikapotea. Agathe aling'oa maharagwe peke yake, akayapepeta peke yake. Siku ya tatu baada ya ugomvi Asumini alishuka na kikaratasi.

"Maman Agathe, leo nimemwambia mkuu wa mtaa, chef d'avenue, mbele ya majirani nilichokufanyia. Kesho ninaanza kujenga ukuta pale unapostahili. Sikuombi kitu. Tambwe."

— Na wewe ulijua? Agathe aliuliza.

— Nilijua, Maman. Nilimkataza, akanifokea. Sikuja kumtetea. Mimi mwenyewe nimekuja kuomba msamaha, kwa sababu nilinyamaza.

— Umesema vizuri, mwanangu. Yeye abakie kule juu.

Tambwe alijenga kila asubuhi kabla ya kufungua kazi. Majirani walimcheka: fundi wa suruali anajipimia ardhi. Alichimba msingi hadi kiunoni. Alirudi nyuma ya borne kwa nusu hatua ili mguu wa ukuta usiguse upande wa pili, na bustani yake ikabaki mistari miwili ya nyanya. Agathe alimwona kupitia dirisha. Hakumsalimu. Alibeba maji yake mwenyewe kutoka robine, bomba la mtaa, kumwagilia karoti, na alipokuwa na hasira sana aliinama akapalilia mpaka pumzi ikamtulia. Udongo haukumuuliza kitu. Kulikuwa na siku aliona mchicha mmoja umeota pasipopandwa, akakumbuka ni nani angemwonyesha, akaumia upya. Pazia, hata hivyo, hakulifunga tena.

Mwezi wa saba aliomba ruhusa kazini siku mbili, akavaa kitenge kizuri, akaenda mjini na karatasi za nyumba. Hakumwambia mtu.

Mvua ya kwanza ya mwezi wa tisa ilikuja saa nane mchana, na mawe ya barafu ndani yake. Agathe alitoka kuangalia ukuta. Tambwe naye alikuwa ametoka, juu. Maji yalikuwa yamejaa nyuma ya mawe na yalianza kutoboa katikati.

— Papa Tambwe! Maji haina njia! Fungua kwa pembeni!

— Peke yangu sitawahi, maji yananizidi!

— Ngoja napanda!

Alipanda na jembe, miguu mitupu. Wakachimba mfereji pamoja, Agathe akivuta udongo, Tambwe akitoa mawe kwa mikono, hadi maji yakakuta njia na kukimbilia barabarani. Ukuta ukatulia. Walijikinga chini ya bati la Tambwe, wote wawili rangi ya tope. Asumini alileta taulo, akarudi ndani.

— Ukuta iko nguvu, Agathe alisema.

— Safari hii ndiyo.

— Nikuulize kintu moja. Unijibu mbele ya hii mvua. Ulitaka mimi ama ulitaka ardhi?

— Kwanza nilitaka ardhi. Kisha nilisikia ukicheka, nikasahau ardhi. Najua huwezi kuamini. Basi iandikishe kwa Noëlla, nyumba na kiwanja chote, mimi nisiwe na hata sehemu ya kuegemeza jembe.

— Niliisha kuandikisha. Mwezi wa saba.

Tambwe akamtazama.

— Mwezi wa saba? Wakati huo hukuwa hata unanijibu salamu.

— Nilikuwa na hasira. Hata leo ingali. Sitasahau, na siku ingine utanisikia nakukumbusha. Lakini nilijiuliza: kama siku moja nitamuitikia huyu muzee, nitajuaje kama ni mimi anapenda? Njo maana nikaenda.

— Kwa hiyo...

— Kwa hiyo uniulize tena ile uliniulizaka mwezi wa tano. Na uniangalie mu macho, hapana mu ungo.

Tambwe alijifuta uso, akalizidisha tope. Akamtazama machoni, akauliza.

— Ndiyo, Agathe akasema.

Waliandikishwa ndoa kwenye ofisi ya zone ya Ibanda mwezi wa kwanza. Padri alikataa kuja, na msikitini walinong'ona majuma mengi. Noëlla alifika kwa mashua ya Goma, amechafukwa na tumbo kwa mawimbi, akamkagua Tambwe kuanzia viatu hadi kofia kabla ya kumpa mkono.

— Wewe ndiye ulimuibia mama?

— Mimi ndiye.

— Na ulirudisha?

— Nilirudisha na nusu hatua.

— Basi karibu, Papa.

Asumini alikuwa ameshona gauni la buluu. Saa ya harusi ilipofika hawakumwona bibi arusi chumbani. Walimkuta bustanini, gauni limepandishwa hadi magotini, anachuma lengalenga kwa ajili ya wageni.

— Maman, bantu banangoja! Noëlla alipiga kelele.

— Bangoje kidogo. Jua likipanda, majani itanyauka.

Tambwe alivua viatu vyake vipya, akaviweka kando, akaingia kumsaidia.