Kipimo cha Joto cha Nicandro

Haya yalimpata rafiki yangu Nicandro, pale Puebla. Aliking'oa kipimo cha joto la oili kwenye gari lililoungua, huko kwenye vyuma chakavu, ili akakifunge kwenye Volkswagen kobe yake.

"Ungemmwagia kwanza pombe ya mezkali aliyefia kwenye gari hilo," mkewe Eulalia akamlaumu. "Wenzako wote humwagia."

"Nimmwagie marehemu, mimi ninywe nini?"

Akajifungia gereji. Alipokipachika tu kwenye dashibodi, umeme ukakatika. Injini ilikuwa haijawashwa tangu juzi, lakini gizani akasikia tik, tik, kama chuma cha moto kinachopoa. Akamulika tochi. Mshale ulikuwa unapanda polepole kuelekea kwenye alama nyekundu.

Waya wa kipimo bado ulikuwa mkononi mwake, haujaungwa popote.