Upande Ulioachwa Wazi

Mvua ya Kisii haipigi hodi. Siku hiyo iliangukia soko la Daraja Mbili wanawake wa ndizi wakiwa bado wanapanga mikungu, kila mtu akakimbilia turubai lililo karibu. Bonareri alijikuta kwenye kibanda cha mitumba, sketi ya buluu imemganda magotini, amekumbatia kisanduku kama mtoto mchanga.

"Dada, hiyo ni keki ya harusi?" aliuliza mwenye mitumba, kijana mrefu aliyevaa koti la kijani lenye vifungo vya dhahabu.

"Ni skrini za simu, bado hazijapakwa kinga."

"Yaani unalowa wewe ili skrini zisilowe?"

"Zikilowa, kazi yangu ya mwaka mzima imekwisha."

Kijana akavua koti, akafunika kisanduku. Si yeye, kisanduku. Hapo ndipo Bonareri alipomwangalia vizuri.

Aliitwa Jethro Obwocha, mtu wa Gesima kule Nyamira. Siku za soko aliuza nguo, siku nyingine alichuma majani chai ya mama yake. Bonareri alikuwa mtafiti katika chuo kimoja mjini. Alibandua lile jiwe la sabuni wanalochongea vinyago, tabaka kwa tabaka, mpaka akapata utando usioonekana kwa macho, kisha akaulaza juu ya skrini ili unyevu usipenye.

"Mwembamba kama ganda la kitunguu?" Jethro aliuliza.

"Ganda la kitunguu ni blanketi, bwana."

Wakacheka. Wiki zilizofuata ikawa ni simu asubuhi, simu jioni, chai na mandazi kule Mosocho. Siku moja Bonareri akampa simu ya majaribio, isiyo na kioo cha juu.

"Gesima kuna ukungu. Tembea nayo shambani chaini kama simu yako tu. Usiipanguse."

"Nitailea kama yai, kipenzi."

Mvua za masika zikakolea. Asubuhi moja Jethro akapiga, sauti imemshuka.

"Bonareri, simu yako inaumwa. Upande wa kushoto ulianza madoa meusi, sasa ni giza tupu. Hata picha yako imebaki nusu uso."

"Kushoto? Na kulia?"

"Kulia kunang'aa."

"Asante Mungu! Imeharibika!" Bonareri alipiga kigelegele mpaka wenzake wakageuka.

"Umesema nini?"

"Kushoto sikupaka, Jethro. Niliuacha wazi makusudi ili tulinganishe."

"Makusudi! Mimi silali, najiuliza nimekosea wapi, nitakuambia nini. Kumbe wewe ulijua."

"Nisikilize kwanza..."

"Ulitaka mtu wa kunyeshewa tu. Haya, tafuta mwingine."

Akakata. Kuanzia hapo hakushika tena simu za Bonareri.

"Akiitupa ile simu, hatuna matokeo. Mvua haijaisha," alisema Persis, mwenzake Bonareri wa maabara.

"Simu na ipotee. Ni yeye sitaki apotee."

"Basi nenda kwao."

"Bila kualikwa? Unajua watasema nini!"

Persis alijua. Msichana akiingia peke yake kwenye boma la mama wa kijana, kijiji humwita bibi arusi kabla hajapewa maji ya kunywa.

Bonareri alikwenda siku ya Sabato, alasiri, amevaa gauni la zambarau lenye kola nyeupe, viatu vimebeba udongo mwekundu wa Gesima. Mama Bathsheba, mama yake Jethro, alikuwa barazani, kitambaa cha kanisani bado kichwani.

"Umeletwa na nani, mwanangu?"

"Na miguu yangu, mama."

"Hee! Jethro! Toka nje, kuna mtu ameletwa na miguu yake!"

Barabarani, wanawake waliokuwa wakipita wakapunguza mwendo.

Jethro akatoka, uso umekunjwa. "Umefuata simu."

"Nimekufuata wewe. Simu kaa nayo."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia upande mmoja uko wazi, mvua ikinyesha ungefanya nini?"

Jethro akafikiri. "Ningeufunika."

"Unaona? Wewe huwezi kuacha kitu kinyeshewe. Ndiyo maana nikakupenda, na ndiyo maana nikanyamaza. Lakini kushangilia ukiwa na huzuni, hapo nilikosa. Nisamehe, Jethro wangu."

Jethro alitia mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa ile simu. Kushoto ilikuwa imekufa. Kulia iling'aa kama siku ya kwanza, na hapo kulia palikuwa na picha ya Bonareri, imepunguzwa, imesogezwa, uso mzima.

"Nilidhani umeitupa," Bonareri alisema, machozi yakimtoka.

"Nilienda nayo chaini kila asubuhi. Nilikukasirikia wewe, si kazi yako."

Bonareri akashusha pumzi aliyokuwa ameibeba tangu Kisii.

"Nataka kukuoa," Jethro akasema. "Ila nina sharti."

"Lipi?"

"Mimi usiniache upande. Nipake kote."

"Kwanza tukawaone wazazi wake!" Mama Bathsheba alipaza sauti kutoka jikoni, alikokuwa ameingia kupika chai. "Na chai inapoa!"

Mvua ikaanza tena. Jethro akachukua lile koti la kijani lililokuwa msumarini, akamfunika Bonareri, wakakimbilia jikoni wakicheka. Simu wakaiacha juu ya ukuta wa baraza inyeshewe, maana hiyo ndiyo kazi yake.