Taa za Waliobaki

Jioni ile mama alinituma kuni, maana pombe ya mtama ilikuwa imeiva na baridi ya Juni pale Mabamba haina adabu. Niliporudi na mzigo kichwani nikakuta pikapu ya Nurudini uani. Nurudini alikuwa na duka Kibondo mjini, na shamba tulilolima na kujenga kibanda chetu lilikuwa lake. Mtu wa namna hiyo akija unamtandikia mkeka, hata kama moyoni unamtukana.

Safari hii alileta mgeni, Mzungu mrefu mwenye koti zito, aliyejua Kiswahili cha kuombea maji.

"Huyu anatoka kaskazini kabisa ya dunia," Nurudini alisema. "Kwao wakati wa baridi mbingu inawaka taa za kijani. Watu wanasafiri kwenda kuzitazama, na wanakaa na wenyeji waone mila zao. Nikamwambia hata sisi tunazo. Mama Reverien, mwonyeshe mila, halafu mwonyeshe taa."

Mama yangu, Theodosia, alimchomekea mgeni mrija kwenye chungu cha pombe. Taa tulizijua. Kila kipupwe, giza likiingia, zilitokea ng'ambo ya mto, juu ya vilima vya Burundi. Ndogo, za kijani, zikipanda na kushuka bila sauti. Sisi tuliokimbia mauaji ya kule mwaka tisini na tatu tuliziita taa za waliobaki, tukiamini ni roho za waliofia kule. Zikitokea tuliingia ndani tukaupa mlango mgongo. Nurudini peke yake ndiye aliyeona kuwa ni kitu cha kutembeza wageni.

Na kaka yangu Reverien alikuwa amebaki. Siku ile ya kukimbia alirudi nyuma kumtafuta baba, hatukumwona tena. Lakini hakuna aliyeiona maiti yake, kwa hiyo mama alikataa kumlilia. Kila alipopika pombe alichomeka chunguni mrija mmoja zaidi, wa Reverien, na hakuna mdomo ulioruhusiwa kuugusa. Mrija ule ukiwa chunguni, kaka yangu yu hai. Ndivyo tulivyoishi.

Mgeni alikunywa kwa mrija wake, akasifu, akakipiga chungu picha. Nurudini hakuonja, alikuwa mlangoni akichungulia nje.

"Zimetoka," alinong'ona.

Tukatoka wote. Zilikuwa nyingi kuliko siku zote. Hewa ilinuka majani mabichi yaliyoungua, na moshi hatukuuona popote.

"Kama nyumbani," mgeni alisema kwa Kiswahili chake cha kuungaunga, machozi yakimlenga. "Kule kwetu, wenyeji wa zamani wanakataza kitu kimoja. Usizipigie taa mluzi. Zinasikia. Zinakuja."

"Hata huku," mama alisema haraka. "Oya, hapana, baba. Usifanye."

Mgeni akacheka. Hakucheka kwa ubaya, na hilo ndilo linalonichoma mpaka leo. Alituonea raha kama mtu anayewaonea raha watoto.

Akapiga mluzi.

Mmoja. Mrefu.

Taa zikasimama.

Hata mbuzi waliacha kucheua. Kisha... kutoka kule... mluzi ukajibu.

Haukuwa mwangwi. Ulikuwa mfupi, mfupi, halafu mrefu unaopanda. Reverien aliupiga hivyo akitoka machungani, ili mama ajue ni wakati wa kusonga ugali.

Mama aliketi chini palepale, kwenye vumbi.

"Mwangwi huo," Nurudini alisema, akipapasa funguo za gari mfukoni. "Na zile ni nyasi tu, watu wanachoma."

"Nyasi zinawaka kijani?" nilimuuliza.

Alimsukuma mgeni wake ndani ya gari wakaondoka, mgeni akipunga mkono na kushukuru.

Mama aliingia ndani, akauchomoa mrija wa Reverien, akautia motoni.

"Amejibu kutoka kwa waliobaki," alisema. "Yuko nao."

Asubuhi nilimnyoa nywele. Tukalia, tukaweka matanga, majirani wakainywa pombe ileile. Jirani yetu Epifania, aliyezijua desturi zote za kwetu, alituonya kabla ya kuondoka. Mtu akishaliliwa amefungiwa mlango. Akija gizani na sauti yake, si yeye. Ukimwitikia, unamfuata.

Alikuja kabla nywele za mama hazijaota.

Tulikuwa tumemaliza kula. Mluzi ulianzia nyuma ya zizi. Mfupi, mfupi... mrefu. Kisha karibu zaidi. Harufu ya jasho na kidonda kilichooza ikapenya mlangoni.

"Mama... ni jewe. Ni mimi."

Nikafumbua kinywa. Mama akakiziba kwa kiganja. Alikibana mpaka meno yangu yakanikata mdomo.

"Si yeye," alininong'oneza sikioni. "Si yeye. Si yeye."

"Mama... baridi."

Kucha zilikwaruza ubao, chini kabisa, karibu na kizingiti. Polepole. Zikaacha. Zikarudia. Halafu zikaacha.

Hatukulala. Kulipopambazuka nilifungua mlango.

Hapakuwa na mtu. Umande ulikuwa umetanda ua wote, juu ya paa la zizi, juu ya majani ya migomba. Mbele ya mlango wetu tu palikuwa pakavu, kiasi cha mtu aliyelala amejikunja. Kutoka pale, nyasi zilikuwa zimelazwa kuelekea mtoni, kama za mahali alipopita mtu anayejikokota.

Nilipiga magoti nikapapasa ile ardhi kavu. Ilikuwa na joto.

"Mama," nilisema, "mzimu una joto?"

Hakunitazama. Alichukua ufagio akaanza kufagia pale mlangoni, kwa nguvu, kichwa chake kilichonyolewa kikiwa kimeinama.

"Tulishamlilia," alisema. "Usimwambie mtu."