Punda Aliyeogopa Kwao

Kila asubuhi, mwaka ule wa 1962, Mwanasaumu alimswaga punda wa baba yake hadi kisimani, akarudi na madebe ya maji ya kuwauzia majirani pale Likoni. Penye njia panda, kushoto kulikuwa kwao. Kulia kulikuwa kwa Sidi mkaanga mihogo, ambaye siku nyingine humtupia punda maganda, na siku nyingine hana.

Punda akishika kulia, Mwanasaumu humkimbiza na kumrudisha. Wakifika uani ndipo humtandika. Naye Mwanasaumu kwa kuchelewa hupokewa na bakora ya baba yake, Mzee Faki. Nyumba hiyo, jamani, ilikuwa ya vipigo tu.

Kadiri alivyopigwa, ndivyo punda alivyozidi kwenda kulia. Siku moja Mwanasaumu, hasira zimempanda, akamchapa uani kwa ufito mpaka damu ikamchirizika mgongoni. Punda akarusha teke. Madebe yakapinduka, mtoto akaanguka, mdomo umepasuka.

Mzee Faki akatoka na shoka. "Wallahi, leo namuua punda huyu!"

Mwalimu Baya, jirani yao afundishaye hesabu, akaudaka mpini. Wakavutana mpaka shoka likaanguka.

"Huyu punda mnampigia wapi?" akauliza, akihema.

"Papa hapa, akirudi," Mwanasaumu akajibu huku akitema damu.

Mwalimu akasimamisha debe lililosalia na maji. "Maji ya humu ni hamu ya punda kuja kwenu. Akifika akapata pumba, jazeni nusu ya nafasi iliyobaki. Akifika akapigwa, mwageni nusu ya maji yaliyomo." Akamwaga, akamwaga tena, yakabaki ya kulowesha kitako tu. "Hamkumfunza kumwacha Sidi. Mmemfunza kuogopa kwao."

Tangu hapo punda alipokewa kwa pumba kila arudipo. Polepole akawa anashika kushoto mwenyewe. Mara mojamoja alikosea, kwani debe la kujazwa nusu ya nafasi iliyobaki halifiki ukingoni abadan.

Lakini kwa Mwanasaumu bakora ya Mzee Faki haikupumzika. Jioni moja punda alirudi peke yake. Mzee Faki na Mwalimu walitoka kumtafuta Mwanasaumu, wakamkuta amejikunyata nyuma ya nyumba ya Sidi.

"Mwanasaumu!"

"Abee, baba. Nimechelewa. Usinipige."

Mzee Faki akainua bakora, kisha akaishusha.

"Mzee Faki," Mwalimu akasema, "apigwaye mlangoni hujifunza kuukimbia mlango, awe mnyama au mtu. Ukitaka arudi, mpokee vizuri."

Mzee Faki akaivunja bakora gotini. "Twende nyumbani, mwanangu. Hupigwi."

Mwanasaumu akamfuata kwa mbali, akiitazama mikono ya baba yake njia nzima.

"Usimharakishe," Mwalimu akamwambia Mzee Faki. "Umemwaga miaka mingi. Sasa anza kujaza."