Kadi Arobaini za Waziri

Jumatano, saa nane mchana. Ukunda, nyuma ya ghala la nazi.

Waziri alichora hoteli kwa mkaa juu ya gunia. Jambazi mwenye uzoefu wa miaka ishirini, na bado alichora kama mtoto wa chekechea.

"Ijumaa, saa saba. Walinzi wako msikitini, wageni wako ufuoni. Tunafungua vyumba vyote arobaini."

Austine, mtu wa bara, ndiye aliyeitengenezea hoteli hiyo programu ya kompyuta inayofungua milango kwa kadi. Hoteli ilipomfukuza, aliondoka na mashine ya kuandikia kadi.

"Buda, tuanze na moja," alisema. "Chumba cha yule mfanyabiashara wa yakuti. Esha anajaribu kadi, ananiambia imekataa wapi, narekebisha, anajaribu tena. Mteja wetu wa Shimoni anataka mawe. Hataki milango arobaini."

Waziri alitema mirungi. "Kuonjaonja ni kazi ya wapishi. Usiniletee vipande. Niletee kazi iliyokamilika."

"Na zikikataa siku hiyo, shemeji?" aliuliza Esha, mdogo wa mke wake. Alifua mashuka hotelini. Funguo za vyumba hakupewa. "Utasimama mlangoni na bastola kama muuza samaki?"

"Wewe shika sabuni yako."

Jioni ile Esha alirudi kutoka kuijaribu kadi ya kwanza kwa siri. Taa nyekundu. Austine akabadilisha mistari michache.

Alhamisi asubuhi, mlango ulifunguka lakini ukagoma kujifunga. Akarekebisha. Alasiri, taa ya kijani. Ulifunguka, ukajifunga kimya.

Kila mara walimwita Waziri aje aone. Kila mara alipunga mkono kama anayefukuza nzi.

"Mtaniita ikikamilika."

Esha alimtazama Austine. "Tumwambie hii inafungua?"

"Ametaka arobaini. Tunayo moja."

Esha akacheka mpaka akajishika mbavu.

Ijumaa, saa mbili asubuhi. Mfanyabiashara alikuwa akinywa chai. Esha aliingia chumbani kwake na kikapu cha taulo, akatoka na kikapu cha taulo.

Saa tatu, Austine alimkabidhi Waziri kadi arobaini zilizofungwa kwa mpira.

"Zimekamilika, buda."

Mjinga yule hakuuliza hata moja imejaribiwa wapi.

Saa saba. Waziri alianza na chumba cha yakuti. Taa ya kijani. Alitabasamu, akasukuma mlango.

Mfanyabiashara alikuwa kitandani akilia. Polisi wawili walikuwa wakiandika maelezo yake. Bastola ya Waziri ilianguka kabla hajakumbuka kuinyanyua.

Mmoja wao, sajini, alizichukua kadi nyingine, akazijaribu mlango hadi mlango. Nyekundu. Nyekundu. Nyekundu. Akarudi akizipepea kama karata.

"Takataka. Inayofanya kazi ni moja tu, mzee, ya chumba kilichoibiwa. Mawe yako wapi?"

"Afande, kuna kijana wa bara... na shemeji yangu... mimi nilikuwa..."

Kofi lilimkata maneno.

"Usiniletee vipande," sajini alisema. "Nipe yote."