Hafsa Asiitike

Mchana, watu wakiwa wameshakula, Hafsa aliitika, "Abee!" wala hakuna aliyemwita.

Mama yake, Dalila, aliacha kuandika. Zahanati moja ya Mocímboa ilikuwa imemwagiza programu ya kuwaita wagonjwa kwa spika, naye alikuwa akiijaribu palepale nyumbani.

"Umemwitikia nani, mwanangu?"

"Bibi Haula."

Haula, mama yake Ancha na bibi yake Dalila, alifia Mbau kabla mtoto huyu hajazaliwa.

Spika ikasema, "Hafsa." Sauti kavu, ya kizee. Chumba kikanuka udi uliolowa maji. Mtoto akainuka kuelekea mlangoni, na Dalila alipomdaka mkono aliukuta baridi. Majuzi tu walikuwa wamemwokota kwenye barabara ya Awasse, anatembea peku, anasema anaitwa, na Maalimu Chamsudine, msomaji wa dua, akamtoa jini.

Dalila akaifuta kazi ya kuita katika classe, yaani fungu la programu, ya wagonjwa watoto. Spika ikaita tena. Akajilaumu: classe ile ilirithi kazi zote za classe iliyoizaa, na ukifuta kwa mtoto tu, programu hupanda kwa mzazi, ikaikuta kazi ileile, ikaifanya.

Hapo akamgeukia mama yake, Ancha, aliyeketi mkekani.

"Mama," akamnong'oneza, "Maalimu alimtoa jini Hafsa peke yake. Na wewe je?"

"Mimi nimeshamzoea. Hanisumbui."

"Na bibi?"

"Ndiye aliyempokea. Kwani chuo chenu cha Nampula hakijui kwamba jini hurithiwa?"

Maalimu Chamsudine alifika alasiri. "Nikimtoa kwa Ancha, atapanda kwa Haula," akasema. "Na maiti sina namna ya kumtoa jini."

"Basi usimtoe, Maalimu. Mfunge mtoto asiitike, hata kama wazee wake wanaye." Ndivyo Dalila alivyokwisha kuirekebisha programu: classe ya watoto aliikataza kazi ile kabisa, na spika ikanyamaza.

"Kufunga hakuchagui mwitaji, binti yangu."

"Mfunge."

Maalimu akasoma, akamnywesha kombe, maji yaliyooshea aya, akamfunga uzi mweusi mkononi. Kabla ya magharibi sauti ikaita kutoka darini, lakini Hafsa akaendelea kupanga vifuniko vyake vya soda. Hakugeuka. Ancha akapiga kigelegele.

Asubuhi Hafsa alitoka akimfukuza kuku, akaingia barabarani, na pikipiki ilikuwa inashuka kwa kasi kutoka sokoni, na Dalila akaita Hafsa, akaita mwanangu, rudi, akaita mpaka majirani wakatoka milangoni, na mtoto hakugeuza hata shingo, kama kwamba duniani hakuna mtu anayemjua, ndipo mama yake akaacha kuita akakimbia, akamnyakua pembeni ya gurudumu.

"Mama, mfundishe mtoto kusikia!" mwenye pikipiki akafoka.

Dalila alimbana Hafsa kifuani. Midomo yake Dalila mwenyewe ilikuwa imefumbwa na meno yamekazana, na bado jina la mtoto likawa linamtoka kooni kwa sauti ileile kavu, ya kizee, tena na tena.